Vipande Saba vya Udongo wa Kurui

Ujerumani,
Jumapili asubuhi.

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo dada. Itikia kwanza ndipo uendelee, maana ya leo nataka uyapokee kama dada yangu, si kama bosi wa masjala. Mgongo unaendeleaje? Miguu imeacha kuvimba? Na shemeji je, bado anakukataza ngazi za ofisini kana kwamba tumbo kalibeba yeye? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila wiki hii silali vizuri, na chakula hakipiti. Usishtuke, siumwi. Nitakueleza.

Barua hii ameibeba Mama Neema, jirani yangu hapa, yule Mchaga niliyekuhadithia anayepika ndizi mpaka korido nzima inanukia. Anaondoka Jumanne, na Alhamisi atakuletea mwenyewe ofisini Kibaha. Nimemwapisha asimpe mtu mwingine, hata karani wako. Nawe usiisomee kazini. Nenda nayo nyumbani, ufunge mlango, ukae. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimekupigia mara tatu, dada, na mara tatu umenikatisha: "Zai, mambo ya mama niachie mwenyewe." Karatasi huwezi kuikatisha. Tena unajua mama alivyotulea, habari za shimo la udongo hazisemwi kwenye simu wala mbele ya wanaume, na simu yako shemeji anaishika muda wote akitafuta mpira.

Basi. Unajua kazi yangu. Wewe huwaambia watu nafanya utafiti, mama huwaambia nakata mawe, na mama ndiye yuko karibu zaidi na ukweli. Mawe yenyewe ninayokata sikuwahi kukwambia vizuri ni mawe gani, kwa aibu tu. Ni mavi. Ndiyo, mavi ya wanyama wa zamani sana, yaliyolala ardhini mpaka yakawa mawe. Cheka umalize. Nayakata kwa msumeno wa maji, nayasugua juu ya kioo mpaka yawe membamba kuliko ganda la kitunguu, halafu tunayatazama kwenye hadubini. Mwanzoni nilidhani wazungu wamekosa kazi. Lakini ukishayaangalia mwaka mzima unaanza kuyaogopa kidogo. Mfupa utakwambia mnyama alikuwa mkubwa kiasi gani, basi. Haya yanakwambia juzi alikula nini, tumboni alikuwa na minyoo ya aina gani, na miti ipi ilikuwa na maua siku hiyo, kwa sababu vumbi la maua lilimwingia na majani au na maji. Yule aliyeliwa naye yumo, vipande vipande. Unakaa kwenye kiti, chai yako pembeni, unatazama mchana mmoja wa mnyama ambaye hakuna mtu duniani anayemkumbuka.

Sasa, mwezi uliopita mama alinitumia kifurushi kwa yule binti wa Mlandizi aliyekuja kusoma huku. Dagaa, kisamvu kikavu, picha ya mwanangu Tatu kavaa sare, na udongo. Sina mimba, usianze. Nilimwomba tu, nilikuwa na hamu nao. Wewe unajua ile harufu ya mvua ya kwanza inayokupanda puani ukiuweka ulimini. Alinifungia kwenye kipande cha kanga vipande saba, vyote vile anavyovichagua yeye, vyeupe, vigumu, vya mviringo, anavyoviita viini. Siyo ule udongo wa kawaida wanaonunua majirani. Viini, unajua, ni vya watoto wake tu.

Jumatatu nikachukua viini vyangu nikaenda navyo kazini, nikawa nakimung'unya kimoja chumba cha chai. Akaingia Bi Hanna, mkuu wetu wa maabara, mama wa makamo, mpole, hacheki hovyo. Akaniuliza, "Unakula nini?" Nikamwambia udongo wa kwetu, wanawake wenye mimba wanakula, na wasio na mimba tunasingizia. Akatabasamu. Kisha akakiona kimoja cha vile vilivyobaki mezani. Akakiinua, akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule. Upande mmoja kina ncha, upande mwingine kimebonyea kama kisosi. Tabasamu likamtoka usoni.

"Zainabu," akasema, "hiki umekitoa wapi?"

Nikamjibu, "Kwa mama yangu."

"Kitoe mdomoni hicho kingine. Tafadhali."

Dada, nilijua kabla hajasema. Mwaka mzima ninashika vitu vyenye umbo lile kila siku iendayo kwa Mungu, ncha huku, bonde kule, na haijawahi kunijia akilini kuvifananisha, kwa sababu vile vya kazini ni vya kazini na hivi ni vya mama. Nilikimbilia sinki nikatapika mpaka machozi yakanitoka.

Ni fisi. Fisi anakula mifupa mpaka ya ndani, kwa hiyo choo chake kikikauka kinakuwa cheupe pe, kama chokaa. Lile shimo letu la Kurui, lile ambalo bibi alimwonyesha mama, na bibi alionyeshwa na mama yake, lilikuwa pango la fisi tangu enzi ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu. Udongo mweupe ni udongo kweli, sikatai. Viini ndiyo mavi yao yaliyogeuka mawe. Mama anachagua kilicho bora, anawapa watoto wake.

Bi Hanna hakunicheka. Aliniuliza kwa adabu kama naruhusu tuvikate. Nikaruhusu, na nikavikata mwenyewe vyote saba, hata kile nilichokitema, sikutaka mkono mwingine uguse. Sita vilikuwa mawe matupu, vya kale. Ukitazama ndani unaona vibanzi vya mifupa vilivyolainishwa na tumbo, kingo zote zimeyeyuka. Unaona vumbi la maua la miti ambayo Bi Hanna anasema leo haiko pwani yetu. Unaona mayai ya minyoo, makavu, yamekufa zamani. Kwa hiyo kuhusu maradhi usihofu, waliokula wamekula, hayatawadhuru tena. Nilikuwa nimeanza hata kufanya mzaha.

Kwenye kipande cha nne kulikuwa na unywele.

Kila unywele una magamba yake, dada, na magamba ya swala si ya nguruwe, wala ya nguruwe si ya mbwa. Ndiyo kazi yangu, nimeyaangalia mamia. Nilipoongeza ukubwa nikaona magamba membamba, yamelaliana karibu karibu, nikasema siyo. Nikang'oa unywele wangu kichwani, nikauweka pembeni. Nikatazama huu, nikatazama ule. Nikamwita Bi Hanna, akatazama, kisha akavua miwani. "Ni mtu," akasema.

Mtu wa Kurui kabla Kurui haijaitwa Kurui. Nilikaa na huo unywele siku nzima. Ulikuwa mfupi, umejikunja vile vile kama wangu na wako. Na uliozunguka unywele ule ni udongo mweupe laini mno, umejaa pale tu, si kwingineko ndani ya kile kipande. Nikamwambia Bi Hanna, huyu mtu alikuwa ameula. Huyu alikuwa mwanamke, aliingia kuchimba udongo, ulikuwa tumboni mwake alipokamatwa. Bi Hanna akaniambia nisitunge hadithi, fisi mwenyewe anaweza kulamba udongo, na pango lenyewe ni jeupe. Mkweli, hakuna wa kuthibitisha. Lakini yeye hajawahi kutambaa mle ndani kwa magoti, tumbo likiwa mbele. Mimi najua mtu anafuata nini mle. Na mimi nimekula viini hivyo tangu sina meno ya mbele, dada. Sijui nimekula wangapi. Nikishika kijiko nalifikiria hilo, nakiweka chini.

Haya yote ningeyameza, wallahi. Ningesema ni mambo ya kale, wamekwenda zao, Mungu awarehemu, na nisingemkatisha mama tamaa uzeeni. Kilichonifanya nikuandikie ni kipande cha saba.

Cha saba hakikuwa jiwe. Msumeno ulipokigusa kilisagika. Maji yalipokiingia kikatoa harufu, na harufu ile haihitaji hadubini. Juu kilikuwa kimekauka na jua kikawa cheupe sawasawa na wenzake, ndani kilikuwa na unyevu bado. Ni cha masika haya haya. Ndani kulikuwa na singa za mbuzi, nyeusi na nyeupe, na uzi wa kamba ya nailoni ya kijani urefu wa kucha. Nikakumbuka ujumbe wa mama wa mwezi wa nne, alipolalamika kuwa mbuzi wa mzee Pazi, jirani yetu wa chini, amekata kamba akapotea, na wanamshuku kijana wa watu. Nilimpigia mama siku hiyo hiyo, nikajifanya naulizia tu. "Mama, ile kamba ya mbuzi wa mzee Pazi ilikuwa ya rangi gani?" Akasema, "Kijani. Kwani huko imekufikia?" Akacheka.

Umenielewa, Mwanaidi? Wamo. Hawajawahi kuhama. Au walihama wakarudi, sijui, lakini sasa hivi unavyosoma barua hii kuna kitu kinalala mle. Mama magoti yamekwisha, hatambai tena mpaka ndani. Anaokota pale mlangoni vilivyo vyeupe, na macho yake unayajua. Anadhani shimo linamhurumia uzee, linamtolea viini nje. Aliniambia hivyo kwa mdomo wake, kwa furaha kabisa: "Siku hizi hata sichimbi, vinanisubiri."

Na wewe Jumamosi unaingia.

Usikane. Tatu aliniambia kwenye simu, watoto hawana siri. "Mama mkubwa anakuja Jumamosi kujichimbia." Mwezi wako wa saba. Najua mama amekwambia nini, kwa sababu mimi pia aliniambia: mwanamke wa kwetu akifika mwezi wa saba anaingia peke yake, anabisha hodi mara tatu, anasubiri, shimo lisipojibu anatambaa mpaka kwenye ukuta wa ndani kabisa na kuchimba kwa mkono wake mwenyewe, bila taa, bila mtu nyuma yake. Mama anasimama mbali, kwenye mihogo, ameligeuzia shimo mgongo. Na siku hizi sikio lake la kulia limekufa, hata ukipiga kelele hatakusikia. Huyo ndiye mlinzi wako.

Najua pia kwa nini unakwenda, wewe na shahada yako na ofisi yako ya mkoa. Mimba ya kwanza ilipotoka mama alisema hukujichimbia, ulikuwa na semina. Ya pili ilipotoka alisema tena, hukujichimbia, ulikuwa na wageni kutoka wizarani. Ulilia kwangu kwenye simu ukasema, "Zai, labda ni kweli, labda nimewaua kwa kiburi." Na kila mama anapokushauri anakunyooshea Tatu. "Mtazame huyu. Mama yake alijichimbia. Si huyu hapa, mzima, ana miaka sita, hajawahi kulala hospitali?" Ulinirudia maneno hayo mwenyewe, na mimi nikanyamaza.

Sasa nisikilize, na unisamehe kama utaweza.

Siku yangu ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Mama alinifunga kanga kifuani, akaniacha mdomoni mwa shimo, akaenda zake kwenye mihogo. Nikainama. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha ya pili, na hapo nikasikia kwamba si kimya. Kulikuwa na pumzi. Taratibu, nzito, ya kitu kilichotulia nyumbani kwake. Ilikuwa karibu, dada, siyo kule mwisho. Nikajiambia ni pumzi yangu inarudi kutoka ukutani, nikaibana yangu nisikilize. Ile ikaendelea. Nikabisha hodi ya tatu, kwa sauti ndogo sana, sijui kwa nini niliibisha, nadhani kwa adabu tu. Ndipo ile pumzi ikakatika. Kilichokuwa mle ndani kikajizuia kupumua ili kinisikilize mimi.

Nilirudi nyuma kwa magoti na viganja, sikugeuka. Nikazunguka nyuma ya ule mwembe wa pale, nikakaa chini, nikajikojolea, mtu mzima. Nikakaa pale muda ambao ningekuwa nachimba. Halafu nikatoa udongo kwenye pindo la kanga, ule wa fungu nilioununua Maili Moja, kwa sababu nilikuwa naula kwa siri muda wote, wa mama mimba ile ulikuwa unanichubua ulimi. Nikaupaka vumbi jeupe la pale nje, nikampelekea mama. Akaubusu, akaniwekea kiganja tumboni, akalia kwa furaha. Ningemwambiaje?

Sikuchimba, Mwanaidi. Tatu amezaliwa kwa udongo wa sokoni na kliniki ya Tumbi. Miaka sita mama anawaonyesha watu mtoto wangu kama ushahidi, na ushahidi wenyewe ni uongo wangu. Na uongo huo ndio unaokupeleka shimoni Jumamosi. Niliona haya kwanza, baadaye nikaona imepita, baadaye nikaondoka nchini. Ulipolia kwangu kwa mimba ya pili lilinifika kooni, nikalimeza, nikakwambia "pole dada, mapenzi ya Mungu." Hukuwaua. Hujawahi kuua mtu. Kama ni kutojichimbia, basi Tatu naye asingekuwepo.

Naomba umsomee mama barua hii yote, usiruke hata hapo nilipojikojolea. Mwache anitukane. Akisema mimi si mwanawe, mwitikie tu, usimbishie, presha yake itapanda. Mwonyeshe na picha nilizoambatanisha, ya unywele na ya uzi wa kijani. Uzi atauelewa hata kama unywele hatauelewa. Mwambie Bi Hanna ameniuliza shimo liko wapi na sijamtajia, hiyo ni siri yake mama na ataitoa akipenda. Lakini mwambie pia asisogee pale hata kuokota, na Tatu asitumwe upande ule hata kuni. Ukiweza, mzungushe kwa maneno yako ya ofisini mpaka akubali kumwambia mtendaji wa kijiji, wao wana njia ya kuwaita watu wa wanyamapori. Na yule kijana anayeshukiwa wizi wa mbuzi, jamani, mzee Pazi amwachie.

Nisalimie shemeji, mwambie nguo za mtoto nilizokwambia zinakuja na Mama Neema, na aache kununua za rangi ya maji ya kunde. Nisalimie mama mdogo wa Dutumi, ile mbegu ya mtama aliyoniomba sijaisahau. Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na mkewe anayenidai barua. Mbusu Tatu kwenye shavu la kushoto, la kulia mwachie bibi yake. Mama mpe shikamoo yangu kabla ya kuanza kumsomea, maana baada ya hapo sijui kama ataitikia.

Jumamosi nitakuwa na simu mkononi tangu alfajiri. Usinipigie kutoka Kurui, hata kuniambia uko salama. Nipigie kutoka kwako Kibaha, ukiwa umesimama barazani, nisikie malori ya barabara ya Morogoro yanapita nyuma yako, ndipo nitakaa chini.

Ni mimi mdogo wako niliyekudanganya,
Zainabu.